Supu ya Kamba kwa Wakubwa wa Ukoo

Kaka yangu aliniambia nimeruhusiwa kukaa. Alilisema neno hilo akiwa amesimama kwenye ukingo wa tuta lake la kabichi, mimi nikiwa chini yake kwenye kiwanja changu, mikono imejaa udongo, nakandika ukuta wa jiko. "Umeruhusiwa kukaa, dada. Hakuna anayekufukuza," alisema, kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka. Nilimwangalia, nikaendelea kukandika. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nimerudi Lushoto na akiba ya miaka kumi na minane ya kazi, na kiwanja kile kando ya kijito nilionyeshwa na baba mwenyewe. Tulikizunguka kwa miguu, yeye na fimbo yake, akinigusia sale moja baada ya jingine, yale majani marefu tunayopandia mipaka. Mwaka uliofuata akafariki. Karatasi hakuniachia, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kuonyesha, si mtu wa kuandika.

Katika ukoo wetu kuna jambo ambalo halijaandikwa popote na hakuna anayelisahau. Mtu hahesabiwi kuwa ana kwake mpaka wakubwa wa ukoo wakae chini ya paa lake na kula chakula kilichopikwa kwenye mafiga yake. Unaweza kujenga ghorofa, ukaezeka bati la rangi, ukavuta na umeme. Wasipokula, wewe ni mpangaji tu. Wakila, habari imeisha, na hata wajukuu wataambiwa kwamba pale tulikula. Kwa wanaume jambo hili ni la kupita. Kijana akishajenga wazee wanaalikwa, wanakula, wanafuta midomo, wanaondoka. Kwa mwanamke ndipo penye kazi, maana mwanamke anategemewa apike kwa mume, na mume akikosekana apike kwa kaka. Kupika kwake mwenyewe na kulisha ukoo kutoka hapo ni jambo ambalo wazee wetu huanza kukohoa likitajwa.

Mara ya kwanza nilijaribu nilipohamia. Nilichinja majogoo wawili, nikapika ndizi na ugali, nikaalika watu, wakala vizuri mno. Wiki ya pili nikasikia sokoni kwamba walikula chakula cha kaka yangu. Kumbe asubuhi ile wifi yangu, mke wa kaka, alipokuja kunisaidia na sufuria mbili za kuku kutoka kwake, nami kwa furaha ya kusaidiwa nikazipokea na kuzichanganya na zangu, kaka alikuwa na lake moyoni. Aliwaambia wazee kwamba chakula kilikuwa chake, mimi nilipakua tu. Ningempinga vipi? Kuku wake na kuku wangu wamedonoa majani yale yale, na wakishaiva ni wamoja. Nililia siku hiyo, nasema kweli, na sikulilia kiwanja. Nililia ujinga wangu wa kupokea sufuria na kushukuru.

Basi mwaka huu, mwezi wa saba, ukungu umekaa bondeni kutwa na watu wanatembea na mablanketi mabegani, baba mkubwa akaitisha kikao. Kaka alikuwa amemwendea. Alitaka kupanda hoho na nyanya, na maji yanapita kwangu, si kwake. Wifi ndiye aliyenieleza, tukiwa tunafua kijitoni, akiikamua shuka ile ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kikao kingekuwa Jumamosi, nyumbani kwangu, ili wazee waone kwa macho.

"Na kiwanja kikienda kwa mume wako, mimi naenda wapi?" nilimuuliza.

"Wanasema utapewa chumba, wifi. Kule nyuma ya nyumba yetu, karibu na shangazi."

Shangazi ni dada wa baba, amepita sabini sasa. Alirudi kutoka kwenye ndoa akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, akapewa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya baba yangu kwa muda. Muda huo haujaisha. Nyumba ya mbele sasa ni ya kaka, na shangazi bado yuko nyuma, na mafiga yake matatu chini ya kibanda cha mabati, anapika mwenyewe kila siku ya Mungu. Lakini ukiuliza katika ukoo anakula wapi, utaambiwa anakula kwa kaka yako. Ana ulimi mkali na meno machache, na ninampenda kuliko watu wote waliobaki. Kila wiki nilikuwa nampelekea kitu, sukari, mkate, mboga niliyokwisha kuipika. Lakini chumba cha jirani naye sikukitaka. Nilianua shuka zangu zikiwa bado mbichi, nikapanda nyumbani.

Jibu nilikuwa nalo kabla sijafika mlangoni. Safari hii ningepika chakula ambacho hakuna mtu mwingine katika ukoo mzima, kuanzia kwetu mpaka Mlola, angeweza kusema amekipika yeye. Ningewapikia supu ya Kithai ya kamba.

Supu ile nilijifunza hotelini, pwani, nilikofanya kazi. Niliajiriwa kumenya kamba wa baharini na kuwatoa ule uzi mweusi mgongoni, na kwa miaka sita sikufanya kingine. Mkuu wa jikoni alikuwa na msemo kwamba wanawake wa milimani wana mikono mizuri ya kumenya, ladha tuwaachie wenyewe. Kisha akaja mpishi mmoja, mama mfupi kutoka huko Thailand, hajui Kiswahili na mimi sijui chake. Siku ya tatu akaniita, akanitia kijiko mdomoni. Mara ya kwanza nilipoionja supu ile nilidhani nimeonewa. Ukali wa pilipili ulinipanda mpaka masikioni, na kabla sijapata nafasi ya kulalamika ikaja ndimu ikanikunja uso, halafu nyuma ya hapo utamu wa kamba, taratibu. Yule mama alikuwa ananitazama usoni, si machoni, mdomoni. Nilipomeza nikanyoosha mkono kuomba kijiko cha pili, alicheka, na tangu siku hiyo akawa ananifundisha kwa kuonjesha tu. Nikikosea alitikisa kichwa. Nikipatia alinipa kisu chake nikate mimi. Aliondoka baada ya miaka minne, na mkuu wa jikoni akaniambia nirudi kwenye kumenya. Nilirudi, mchana. Usiku wageni walipoagiza supu ile, aliyeipika ni mimi, na yeye alisimama mbele akipokea pongezi.

Kwa hiyo mtu asinieleze habari ya kupika na kusifiwa mwingine. Nimeijua mapema.

Alhamisi nilijaribu kwanza, kwa sababu moto wa kuni si moto wa hotelini. Mtungi wa gesi ninao, mdogo, wa chai ya asubuhi. Lakini kwa kikao kile niliamua nipikie kwenye mafiga, mtu asije akasema moto wenyewe niliununua dukani. Vitu vingi ninavyo hapa hapa. Mchaichai tumeupanda kwenye kingo zote za matuta, unashika udongo, na watu huku wanaujua wa chai tu. Uyoga nilipata kwa jirani anayeukuza kwenye mifuko ya pumba. Pilipili mbuzi, nyanya, giligilani, vyote vipo uani. Yule mama alikuwa na mzizi fulani unaofanana na tangawizi, nami nikatumia tangawizi yenyewe; alikuwa na majani ya ndimu ya kwao, nami nikachuma majani machanga ya mlimau wa baba. Pale alipotumia mchuzi wa samaki wa chupa, nilichemsha dagaa kwa chumvi nyingi nikachuja maji yake.

Nikaharibu. Sikuwa na kamba bado, nilitumia uduvi mkavu, na hilo si neno, lakini nilikamulia ndimu sufuria ikiwa motoni. Hotelini unazungusha kitufe, moto unaisha papo hapo. Mafiga hayana kitufe. Nilichomoa kuni, makaa yakabaki, sufuria ikaendelea kutokota, na ndimu iliyochemka huwa chungu, unainywa kama dawa ya minyoo. Nilimwaga nje, paka akainusa akaondoka zake. Nikajua kwamba Jumamosi lazima sufuria ishuke kwanza, ikae chini kwenye majivu, ndipo ndimu.

Ijumaa niliteremka Mombo kupokea kamba. Rafiki yangu niliyefanya naye kazi alinitumia kutoka Tanga, kilo tatu ndani ya boksi la barafu, kwenye basi la asubuhi. Boksi lilikuwa linavuja, na dada anayeuza vitunguu pale stendi alifunua kifuniko, akaona zile sharubu na macho meusi, akakirudisha haraka.

"Hivi unapeleka juu, kwa watu?"

"Kwa wazee," nilimjibu.

"Mungu awasaidie," alisema, akaniongezea vitunguu viwili bila kuombwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi wifi alishuka ile njia ya utelezi na sufuria mbili, moja kichwani na moja mkononi, zote za kuku, kama mara ya kwanza. Aliziweka mlangoni, hakuniangalia.

"Kaka yako amesema usihangaike."

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini nikakumbuka kwamba shuka ile aliikamua muda mrefu vile ili apate kunionya. Hakuna sababu ya kumgombeza mtu aliyetumwa. "Hongea," nilimwambia, shukrani ya kwetu, "ziache hapo hapo zilipo." Nikazifunika kwa kanga. Akaona nilichokuwa nafanya jikoni, sinia limejaa kamba waliokwisha kumenywa na bakuli la vichwa vyao pembeni, akavuta kigoda akakaa.

"Hivyo vichwa unavitupa?"

"Vichwa ndiyo supu yenyewe."

Nilivikaanga vichwa na maganda kwenye mafuta kidogo mpaka vikawa vyekundu na mafuta nayo yakawa mekundu, nikamwagia maji, nikaponda mchaichai kwa mgongo wa kisu, nikatupia tangawizi na majani ya mlimau. Harufu ilijaa jikoni, ikatoka kupitia paa. Wifi alipiga chafya mara tatu. Nilipochuja na kurudisha maji yale motoni, nikatia uyoga, nyanya na pilipili, na mwishoni kamba wenyewe, wifi aliacha maswali. Alinisogezea kuni na kuzichomoa nilipomwambia. Kuna vichwa vikubwa saba nilivirudisha kwenye supu vizima, makusudi. Nilitaka viwepo juu ya bakuli, na sharubu zao, ili asiwepo mtu wa kuniambia ni kuku.

Walifika saa saba. Baba mkubwa mbele na koti lake la mvua, mafua yamembana hata sauti haitoki, nyuma yake baba wadogo wawili, mmoja na daftari la maamuzi ya ukoo kwapani, kisha kaka, na mwisho kabisa, akiwa peke yake, shangazi, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumrudisha. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikawapa maji ya kunawa. Kaka alikaa karibu na mlango, akaziona zile sufuria mbili chini ya kanga.

"Chakula si kile pale?" alisema. "Pakua, wazee wamechoka na njia."

"Kile ni chako, kaka, nimekitunza utarudi nacho. Hapa leo wanakula cha kwangu."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilileta wali, nikaleta mabakuli. Ndimu nilikuwa nimeikamulia chini, kwenye majivu, na nilikuwa nimeonja nikajua imekaa sawa. Mbele yao nilichota kijiko nikanywa, kama mwenyeji anavyotakiwa afanye ili wageni waone chakula ni salama. Kisha nikakaa kwenye mkeka, nikasubiri.

Hakuna aliyegusa. Baba mdogo mwenye daftari alikuwa anatazamana na kichwa cha kamba, na sidhani kama kuna aliyekuwa na hofu zaidi kati yao. Baba mkubwa alisogeza bakuli, akainamisha uso, mvuke ukampanda. Akarudisha uso nyuma. Akauinamisha tena. Akatoa kitambaa akapenga kamasi kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikatoka.

"Pua imefunguka," alisema.

Akachukua kijiko. Alipomeza macho yalimtoka, akashika ukingo wa kiti, akakohoa, jasho likamtoka kwenye upara na baridi ile yote. Baba wadogo walimwangalia kama wanangoja kuona atapona. Yeye akachota kingine. Kufikia kijiko cha tano alikuwa amevua koti. Shangazi wakati huo alikwisha kumaliza nusu ya bakuli lake, ameshika kichwa cha kamba kwa vidole viwili anakinyonya kwa sauti, machozi yanamtiririka na hajali kuyafuta. "Hiki ndani kina mafuta," alimwambia baba mdogo, "wewe unaogopa nini, hakikuoni." Baba mdogo akanywa. Mwenzake akanywa. Ndani ya chumba kukawa ni kupenga, kukohoa na vijiko tu, na wifi mlangoni anawaongezea wali bila kuulizwa.

Kaka hakugusa. Nilimwona anavyohesabu midomo inayokula, na nilimwona alivyopata wazo.

"Baba mkubwa anakunywa dawa," alisema. "Ana mafua. Dawa si chakula."

Ilinikata maini. Kwa sababu ingewezekana kabisa. Baba mkubwa angeweza kusema ndiyo, nilikunywa dawa, na daftari lingeandikwa hivyo, na mimi ningehamia chumba cha nyuma. Nilifungua mdomo, lakini shangazi aliwahi.

"Dawa gani inaliwa na wali sahani mbili?"

Mmoja wa baba wadogo alicheka, akajizuia. Na hapo ndipo kaka yangu alipokasirika. Angenyamaza, labda leo ningekuwa naandika mambo mengine. Lakini kaka hakuzoea kuchekwa. Alinyanyua bakuli lake mbele ya wazee wote, akaliinamisha waone.

"Tazameni hivi vitu. Wadudu. Vina sharubu, vina macho. Nani kati yenu ameona hivi vinapikwa nyumbani kwa baba yetu? Kwangu havijawahi kupikwa hata siku moja, na havitapikwa. Mke wangu huyu hapa, muulizeni kama ameviweka kwenye sufuria yangu."

Wifi alisema kwa sauti ndogo, "Sijaweka."

Shangazi aliweka kichwa cha kamba pembeni ya sahani. Alifuta vidole kwenye kanga yake, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akamgeukia baba mkubwa, ambaye ni kaka yake, akamsemesha kwa heshima zote.

"Kaka, umemsikia mwanao. Amesema chakula hiki hakikupikwa kwake. Hakuna aliyemlazimisha, amesema mwenyewe mbele yetu sote. Sasa mimi ni mzee, nisaidieni. Hapa tumekula kwa nani?"

Nilimwona kaka anaelewa. Alishusha bakuli taratibu, supu ikamwagika kidogo kwenye suruali yake. Baba mkubwa alitazama bakuli lake tupu, akatazama wali uliobaki, akamtazama mwanamume aliyekuja kumbembeleza wiki nzima. Sidhani kama alitaka kusema alichosema. Ni mtu mwenye msimamo wa zamani, na mpaka leo sijui kama moyoni ananihesabu kuwa nina kwangu. Lakini alikuwa amekula, na kila mtu alimwona akila.

"Tumekula kwa binti yetu," alisema. "Andika."

Baba mdogo aliandika. Kisha tulitoka sote kwenye ukungu tukatembea mpaka kwenye masale, moja hadi jingine, kama nilivyotembea na baba. Kaka alibaki ndani. Tuliporudi alikuwa ameondoka, na sufuria zake mbili amezibeba mwenyewe.

Ningependa kusema niliruka kwa furaha. Nilifurahi, ndiyo, furaha ya shari, ile ya mtu aliyeambiwa ameruhusiwa kukaa. Wageni walipokwisha kuaga, shangazi alibaki nyuma ananawa, nami nikawa nammwagia maji. Nilimshukuru. Nilimwambia bila yeye ningekuwa nimekwisha.

"Wewe ulijua kupika kitu wasichokijua," alisema. "Mimi nilipika maharage, mwanangu. Wakaniambia maharage ni ya kila mtu."

Alisema hivyo tu, akajipangusa mikono, akashika njia ya kupanda. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Miaka yote ile nilidhani shangazi hakujaribu, kwamba alikubali tu chumba chake na muda wake usioisha. Kumbe aliwaalika. Aliwasha mafiga yake, akapika, akapakua, wakala, na wakaenda kusema walikula kwa kaka yake, baba yangu.

Nikaanza kufikiri mimi mwenyewe nimekula kwake mara ngapi. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikitafuta hata mara moja. Haikuwepo. Kila nilipokwenda nilikwenda na bakuli langu limefunikwa, na kila aliponikaribisha nilisema nimeshiba, shangazi, kula wewe. Nilikuwa najiona mwema. Niliona aibu ambayo kaka yangu na maneno yake yote hajawahi kunitia.

Jumapili iliyofuata sikunywa chai. Nilitoka kanisani na njaa yangu, mikono mitupu, nikapita nyumba ya mbele nikazunguka mpaka kwenye kibanda cha mabati. Shangazi alikuwa anapuliza moto. Aliangalia mikono yangu kwanza, akatafuta bakuli, hakuliona.

"Onga mshi, shangazi," nilimsalimu kwa lugha ya kwetu. "Shikamoo. Nimekuja kula."

"Marahaba," alisema, kisha akafunua sufuria yake. "Nina maharage tu."

"Nayataka."

Nilipotaka kusonga ugali alinipokonya mwiko, akaniambia mgeni anakaa. Nikakaa. Alipika kwa saa nzima, akanionjesha mara mbili akinitazama mdomoni. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi kidogo na mnavu pembeni, na nilikula mpaka nikalegeza kanga. Alikula na mimi, sahani moja. Nilipomaliza nilisema kwa sauti ambayo ingesikika mpaka kwa jirani kwamba nimekula kwake, na yeye akageuza uso upande wa moto.

Kaka alikuwa ameketi barazani nilipokuwa natoka. Tangu kikao hatukuwa tumesemeshana. Alisimama, na lazima niseme haki, alijitahidi.

"Dada. Karibu chakula, ndiyo kwanza wanapakua."

"Ahsante, kaka, nimeshakula. Nimekula kwa shangazi."

"Shangazi?" Alicheka kidogo, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Shangazi si anakaa hapa kwangu?"

"Kwake," nilimwambia. "Wiki ijayo nakuja na baba mkubwa."